Si Leo wala Kesho

Ijumaa asubuhi Saidati aliingia katika ofisi ya parokia bila kubisha hodi, beseni la sambaza likiwa bado kichwani. Alilitua sakafuni katikati ya chumba, na harufu ya wale samaki wadogo wa ziwani ikajaa mahali pote. Kisha akamtazama Donatille, aliyekuwa amekaa nyuma ya mashine ya taipu.

"Mwalimu, we umeandika nini?"

Donatille aliinua macho. Tangu alfajiri alikuwa akichapa vyeti vya ubatizo, na mgongo ulikuwa umeanza kumuuma kama kawaida yake.

"Nimeandika nini wapi, mama Shema?"

"Mu ile karatasi yako. Batu banasema umeandika ziwa itapasuka kesho. Tangu nifike soko hakuna mutu ananunua. Banasema samaki imekunywa gesi. Nimebaki na beseni yote, angalia!"

Donatille alitazama beseni. Sambaza walikuwa wamejaa hadi ukingoni, wanang'aa kama sindano.

"Sikuandika hivyo," alisema.

"Basi batu bote ni waongo?"

Donatille alisukuma taipu pembeni, akajipangusa uso kwa kiganja. Alikuwa na uchovu wa namna ambayo usingizi hauumalizi, na haukuwa wa siku hiyo tu.

Alizaliwa Karagwe, upande wa Tanzania, kwa wazazi waliokimbia Rwanda wakiwa vijana. Huko alisoma, akawa mwalimu wa sayansi, akaolewa na mwalimu mwenzake na akamzika. Mwaka tisini na tano alirudi katika nchi aliyoijua kwa masimulizi ya mama yake tu, akafika Gisenyi kwa kuwa shangazi yake alikuwa na chumba cha kumpa. Alikwenda kuomba kazi shuleni. Mkuu wa shule alimpokea vizuri, akasifu vyeti vyake, kisha akamwambia kwa upole kwamba sayansi pale ilifundishwa kwa Kifaransa. Donatille alikuwa na Kinyarwanda cha nyumbani, Kiswahili cha darasani na Kiingereza cha vitabuni. Kifaransa hakuwa nacho. Ndipo Padri Juvénal alipomchukua awe karani wa parokia.

Jarida lake lilianza bila mpango. Mama mmoja aliyekuja kufuata cheti alilalamika kwamba maji ya kisima chao hayatoi povu hata ukimaliza kipande kizima cha sabuni. Donatille alimweleza, na mama yule alipoondoka, akaona ni vyema aichape ile sababu na kuibandika mlangoni. Watu wakasoma. Kesho yake mwingine akauliza kwa nini maziwa huganda. Sasa ulikuwa mwaka wa tatu. Kila Alhamisi alitoa ukurasa mmoja, mbele na nyuma, kwa mashine ya kurudufu ya parokia, akauita *Sababu Yake*. Nakala moja ilibandikwa sokoni, nyingine kwenye bariera ndogo ya kuvukia Goma, upande wa Kongo, nyingine Mbugangari, pale malori yanapopakia. Aliuandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha waliyoisoma wachuuzi wa pande zote mbili za mpaka, na kwa sababu ndiyo lugha ambayo yeye mwenyewe alijifunzia kuuliza maswali. Aliwahi kutamani kurasa zile ziwe kitabu. Mchapishaji mmoja wa Bukoba alimwambia kwamba siku hizi watu hununua vitabu vya mitihani tu. Tangu hapo aliendelea na karatasi zake, wiki baada ya wiki, akiandika wakati wa chakula cha mchana huku watu wakigonga dirishani kuulizia vyeti.

Ukurasa wa wiki hii ulimchosha kuliko zote. Aliyeuliza ni Vénuste, fundi cherehani wa Mbugangari, msomaji wake mwaminifu kupita wote. Alitaka kujua kama ni kweli chini ya ziwa kuna gesi. Donatille aliazima kijarida cha Kifaransa cha wanajiolojia, akakisoma na kamusi mkononi, neno kwa neno, kwa majuma. Alipoelewa aliandika kwa uangalifu. Alieleza kwamba kule kwenye kina kirefu kuna gesi iliyoyeyuka ndani ya maji, na uzito wa maji ya juu unaibana isitoke, kama kizibo kinavyobana soda chupani. Alieleza kwamba huko Kameruni ziwa dogo liliwahi kutoa hewa yake kwa ghafla, na watu wakafa. Hakutaka kuficha hilo, maana hakuwahi kuwaficha wasomaji wake kitu. Ila hakutaka kuwatisha pia, ndiyo sababu alimalizia na sentensi ya kuwatuliza.

Sasa aliichukua nakala mezani, akamsomea Saidati sentensi ile.

"'Ziwa letu nalo linaweza siku moja kufanya hivyo, lakini si leo wala kesho.'"

"Unaona!" Saidati alipiga makofi mara moja. "Umesema mwenyewe! Mu siku moja. Haiko leo, haiko kesho. Ulibandika jana, donc leo yako ni jana, kesho yako ni leo. Inabaki nini? Ni samedi, Jumamosi!"

Donatille alibaki ameshika karatasi. Aliisoma tena kimyakimya. Kule Karagwe hata mtoto angeelewa kwamba si leo wala kesho maana yake ni mbali mno, usijisumbue.

"Siku moja ni siku isiyojulikana," alisema. "Labda miaka mia. Labda elfu. Labda isifike kabisa."

"Kwetu siku moja ni siku moja," alisema Saidati. Akainama kulichukua beseni lake. "Ungesema miaka elfu, mwalimu, mi ningekuwa nimeuzisha."

Walitoka pamoja. Donatille alidhani atasimama sokoni, aeleze, na mambo yaishe. Walipofika Mbugangari alielewa kwamba hayataisha kwa maelezo. Malori yaliyozoea kupakia viazi na saruji yalikuwa yanapakia magodoro. Wanawake walikuwa wamefunga vitenge vyao vya safari, watoto wamevishwa sweta juu ya sweta. Wengi walikuwa wanaelekea Mudende, kwenye miinuko, wengine Busasamana kwa ndugu zao. Hakuna aliyepiga kelele. Walifunga mizigo haraka na kwa ustadi, sufuria ndani ya sufuria, kama watu walioifanya kazi hiyo mara nyingi. Katika miaka mitano hakuna nyumba pale ambayo haikuwa imekimbia walau mara moja, kwenda au kurudi.

Alimshika mkono mama mmoja aliyekuwa anamfunga mtoto mgongoni.

"Dada, mimi ndiye niliyeandika ile karatasi. Sikusema ziwa litapasuka kesho."

Yule mama alimsikiliza hadi mwisho, kwa adabu. Akatikisa kichwa kukubali. "Asante sana, mwalimu," alisema. "Mungu akubariki kwa kutuambia mapema." Kisha akajitwisha furushi lake, akaenda.

Donatille alijaribu kwa mwingine, na mwingine. Kuna aliyemwuliza kama atapanda lori lipi. Kuna aliyedhani analipwa na wauza samaki. Sauti ilianza kumkauka. Mwishowe alikaa juu ya gunia la mkaa, na ni hapo Padri Juvénal alipomkuta, kanzu yake imejaa vumbi.

"Donatille, unaitwa," alisema padri. "Afande Rutagengwa anakutaka ofisini kwake."

Rutagengwa alikuwa mkuu wa usalama wa mji, mtu mrefu aliyekulia Uganda, na Kiswahili alikijua cha kambini. Ukurasa wa Donatille ulikuwa juu ya meza yake. Hakumwambia akae.

"Mama, nani alikutuma?"

"Hakuna aliyenituma, afande."

"Hii mji imepata amani juzi tu. Barabara ya Ruhengeri watu wameanza kupita bila escort. Sasa wewe unaandika karatasi moja, watu wanaacha nyumba. Unajua nani anafurahi mji ikiwa tupu?"

"Najua, afande. Ni waasi."

"Basi utaandika ingine. Leo hii. Andika: katika ziwa hakuna gesi. Kwisha."

Donatille alitamani kukubali. Ingekuwa sentensi fupi kuliko zote alizowahi kuandika, na hakuna ambaye angeikosea maana. Padri alikuwa amesimama mlangoni anamtazama, na machoni pake ilionekana kwamba naye alitamani akubali.

"Gesi ipo, afande," alisema.

"Mimi sijauliza kama ipo."

"Nikiandika haipo, hawataniamini. Watasema nimelazimishwa, na watakimbia mbio zaidi. Na siku nikiwaambia jambo jingine la kweli, kama maji ya kipindupindu, hawatasikia hilo nalo."

Rutagengwa aliisukuma karatasi pembeni. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu ambaye naye hakulala vizuri.

"Sasa unataka mimi nifanye nini? Nizuie watu na bunduki?"

"Hapana." Donatille aliinamisha kichwa. Wazo lilimjia, na hakulipenda. "Kesho nitakaa ufukweni. Kutwa nzima, waziwazi, watu wanione. Kama aliyeandika anakaa karibu na maji, labda wataelewa kwamba hakusema wanachodhani amesema."

"Hiyo ni kitu," alisema Rutagengwa. Kisha, kama aliyeona aibu kidogo, akaongeza: "Unaweza kukaa chini, mama."

Walipotoka nje, padri alimwambia kwamba amepata wazo zuri sana. Donatille alijua kwamba si zuri. Tangu aanze kuandika alikuwa akiwahimiza watu wasikubali jambo kwa sababu ya mtu, wakubali kwa sababu yake jambo lenyewe. Na kesho angekaa mchangani na kuwaambia: niaminini mimi. Ziwa likitulia Jumamosi haingekuwa ushahidi wa lolote. Lilikuwa limetulia Jumamosi zote zilizotangulia.

Jumamosi asubuhi anga ilikuwa nzito. Donatille alibeba kiti cha mbao cha parokia, akakiweka mchangani mbele ya miti ya barabara ya ziwani. Mitumbwi yote ilikuwa imevutwa nchi kavu. Kwa kawaida Jumamosi watoto walioga pale na wanawake walifua nguo juu ya mawe. Leo kulikuwa na askari wa doria, mbwa, na watu wachache waliosimama mbali chini ya miti, tayari kukimbia. Alijifunika mabega kwa kitenge na kutazama maji. Yalikuwa ya kijivu, yanakuja na kurudi, hayana habari naye.

Kabla ya adhuhuri Saidati alikuja. Alitandika kanga kando ya kiti, akakaa, akakunja miguu.

"Watoto wako wapi?" Donatille aliuliza.

"Nimewatuma Mudende na dada yangu."

"Na wewe?"

"Mi nimekuja juu yako. Ungekaa hapa peke yako batu bangesema ni mulozi." Alitazama ziwa kwa jicho la pembeni. "Mwalimu, kama inatoka, tutasikia nini?"

"Pengine hatutasikia kitu. Ile hewa ni nzito, inatambaa chini. Ni kama mazuku."

Saidati aliyajua mazuku. Kila mtu wa upande ule aliyajua, zile hewa mbaya za mashimoni zinazoua mbuzi wakati wa asubuhi.

"Na unajua kabisa haitatoka leo?"

Donatille alifikiri. Alikuwa amechoka mno kusema uongo, hata ule mdogo wa kumfariji rafiki.

"Sijui kabisa. Ninachojua ni kwamba hakuna sababu itoke leo kuliko jana au mwaka jana. Jana hukuogopa, ulikuwa hapa unachukua samaki. Leo ni kama jana."

Saidati akacheka kwa pumzi, bila furaha nyingi. "Ungeandika hivyo."

"Ndiyo. Ningeandika hivyo."

Alasiri mvua ilitokea upande wa Kongo. Ilivuka maji kama pazia, na kabla haijafika, radi ilipiga nyuma ya vilima kwa kishindo kilichotikisa kiti. Watu waliokuwa chini ya miti walitimua mbio. Askari mmoja alijitupa kifudifudi. Donatille alijikuta amesimama, kitenge kimeanguka, na mkono wake umemshika Saidati begani kwa nguvu. Alikuwa ameogopa, yeye aliyejua tofauti ya radi na ziwa, na miguu yake ilikuwa imekwisha kugeukia barabara.

"Ni mvua tu," alisema.

"Najua ni mvua," alisema Saidati. "Wewe ndo unanifinya."

Wakakaa tena. Mvua iliwalowesha hadi ndani. Ilipoisha, mwanga hafifu ulitokea juu ya maji, na mvuvi mmoja akaja kuchungulia mtumbwi wake. Aliwatazama wanawake wawili waliolowa, akausukuma mtumbwi majini bila neno. Jioni Donatille alibeba kiti chake kukirudisha. Magoti yalikuwa yamekakamaa, na alipofika kwake alilala na nguo mbichi kwa sababu hakuwa na nguvu ya kuzivua.

Jumapili walianza kurudi. Waliteremka kutoka Mudende kwa miguu na kwa malori, watoto wanakohoa kwa baridi, magodoro yamelowa. Na Donatille, aliyekuwa amejiandaa kutukanwa, alishukuriwa. Walimsimamisha njiani kutoka misani. Mama mmoja alimwambia kwamba maombi yake ya ufukweni ndiyo yaliyozuia balaa. Mzee mmoja alimpongeza kwa kuonya watu mapema. Mwanamume kutoka Goma, aliyevuka mpaka kwa ajili hiyo tu, alitaka kujua tarehe ya mlima.

"Tarehe gani?"

"Ya volcan kulipuka, mwalimu. Nyumba yangu iko pale chini kabisa. Niambie tu muezi, siku nitatafuta mi mwenyewe."

Alijaribu kumweleza. Mwanamume alisikiliza, akatabasamu kama mtu anayejua siri hazisemwi mbele ya watu, akamwambia atarudi.

Jumatatu alisikia kwamba nyumba kadhaa za Mbugangari zilivunjwa na wezi wakati wenyewe hawapo. Ya Vénuste ilikuwa mojawapo. Alikwenda kumwona mara baada ya kazi. Fundi alikuwa amekaa mlangoni pa kibanda chake, mikono juu ya mapaja. Nyuma yake meza ilikuwa tupu; cherehani ilikuwa imechukuliwa, pamoja na suti ya mteja aliyetarajia kuoa.

"Karibu, mwalimu," alisema, akamsogezea kigoda.

"Vénuste, nimekuja kukuomba radhi. Nilikuwa najibu swali lako."

"Na ulijibu vizuri. Niliisoma mara mbili. Nilielewa kabisa kwamba hukusema kesho wala keshokutwa."

Donatille alimkazia macho. "Ulielewa? Sasa kwa nini ulikwenda?"

Vénuste aliitazama barabara. "Mke wangu alikuwa amekwisha kufunga mizigo. Jirani wa kulia ameondoka, wa kushoto ameondoka. Mwaka tisini na nne nilikaa nikasema nina akili, mimi siendi. Unajua yaliyotukuta." Aliokota kipande cha uzi sakafuni. "Watu wakiondoka wote, mwalimu, huwezi kubaki nyumbani na karatasi."

Walikaa hadi jua lilipoanza kushuka, na mkewe Vénuste akawaletea chai. Alipoaga, fundi alimwuliza, kwa haya, kama ukurasa wa wiki hiyo utakuwa juu ya nini.

Hakukuwa na ukurasa wiki hiyo, wala iliyofuata. Alhamisi zilipita. Rutagengwa alituma mtu kusema kwamba mambo mengine anaweza kuandika, ila ziwa na mlima aviache. Padri Juvénal alimwambia mashine ya kurudufu ipo, wino upo, hatamlazimisha. Donatille alichapa vyeti. Mchana, wakati wa chakula, aliegemeza kichwa ukutani na kufumba macho. Alifikiri jinsi alivyojivunia kueleweka miaka mitatu yote ile, na hakujua ni mara ngapi nyingine wasomaji walielewa jambo lao, si lake, wakalinyamazia kwa sababu halikuwafukuza majumbani.

Aliyevunja kimya alikuwa Saidati. Samaki walikuwa wanauzika tena. Alipita na beseni tupu, akaketi kwenye benchi la wanaosubiri vyeti.

"Batu banauliza kitu," alisema. "Bale benye walienda Mudende. Banasema: kule ni juu, ni karibu na jua. Juu ya nini iko baridi? Sababu ni nini?"

Donatille hakufumbua macho. "Ni swali zuri."

"Basi andika."

"Watasema nimesema jua litaanguka."

"Nisomee mi kwanza. Kama minaelewa jua inaanguka, utafuta."

Wiki iliyofuata Donatille alimsomea. Alikuwa ameandika aya tatu kuhusu hewa inayopashwa joto na ardhi, na jinsi inavyokuwa nyepesi na baridi kadiri unavyopanda. Aliisoma ya kwanza polepole. Saidati alimsimamisha kwenye neno *kadiri*. Akabishana naye juu ya hewa, akidai kwamba baridi ya Mudende inaletwa na ng'ombe wengi wanaokojoa nyasini, na haikuwa rahisi kumtoa hapo. Watu wawili wa vyeti waliingia na kuanza kubishana nao. Mchana ukaisha na aya moja tu imepita.

"Rudia hapo kwenye ardhi inapasha hewa," Saidati alisema. "Ardhi inatoa wapi moto? Kwa volcan?"

"Hapana! Kwa jua."

"Haikusema jua. Ilisema ardhi."

Donatille alitazama karatasi. Kweli, haikusema. Alishusha pumzi, akaikata sentensi kwa mstari mmoja, akaingiza karatasi mpya kwenye taipu.